Mzazi Ambaye Mwanae Hanywi Ndo Tunamtaka Kikaoni

Likishabandikwa tangazo la kikao cha kuzungumzia watoto na pombe, mimi naweza kukutajia watakaokuja kabla hata mlango wa ukumbi haujafunguliwa. Atakuja mwalimu wa malezi, atakuja kiongozi wa dini, atakuja afisa mmoja aliyetumwa na bosi wake ambaye muda wote anachungulia simu, atakuja mama ambaye kijana wake pombe ilishamchukua na sasa anazunguka kila mkutano akisema jamani msingoje yawafike, na watakuja wale wazee watatu wanne ambao hawakosi kikao hata kingekuwa cha kujadili mitaro. Basi. Waliobaki wako majumbani kwao na ukiwauliza mbona hukuja wanakujibu kwa upole kabisa, wala hawana ubaya: "Aah, mimi wangu hanywi."

Sitaki kubishana na hilo jibu kwa ile njia iliyozoeleka ya kumtisha mzazi kwamba humjui mwanao, anakunywa we hujui tu. Inawezekana kweli hanywi. Tuchukue hivyo hivyo, hanywi, hajawahi hata kuonja, tumekubaliana. Mimi nasema huyo mzazi ndo alitakiwa akae viti vya mbele, na shida ni kwamba wengi wetu tunakichukulia kikao cha namna hii kama hospitali, yaani unaenda ukishaumwa.

Tuanze na namba kidogo. Shirika la Afya Duniani, ofisi yake ya Ulaya, lilitoa ripoti mwaka 2024 iliyotokana na kuwahoji watoto kama 280,000 wa miaka 11, 13 na 15 katika nchi na maeneo 44, nyingi za Ulaya na Asia ya Kati pamoja na Kanada. Kwa wale wa miaka 15, asilimia 57 walisema wameshawahi kunywa pombe, na wasichana walikuwa wamewapita wavulana kidogo, kitu ambacho wazazi wengi kinawashtua kwa sababu macho yote huwa yako kwa mtoto wa kiume. Watu wanaisoma hiyo 57 na kushika kichwa. Sawa, shika kichwa, lakini ukimaliza igeuze uisome upande wa pili: 43 katika kila 100 hawajawahi kabisa, na ukiuliza nani amekunywa ndani ya siku 30 zilizopita idadi inashuka mpaka chini ya 40. Maana yake wengi wao, kwa mwezi ule ulioulizwa, hawakugusa.

Sasa mwite kijana yeyote wa umri huo umuulize kwa makadirio yake wenzake wangapi wanakunywa. Atakwambia "karibu wote". Hili sio jambo la kubahatisha, watafiti Marekani wamekuwa wakilikuta tangu miaka ya 1980 kwa wanafunzi wa vyuo na baadae mpaka mashuleni, kwamba vijana wanakadiria unywaji wa wenzao juu kuliko ulivyo, na yule anayedhani wote wanakunywa ndiye anayeelekea zaidi kunywa na yeye ili asionekane wa ajabu. Na ukikaa ukafikiria utaona kwa nini iko hivyo. Mlevi ana kelele. Aliyelewa jana kwenye sherehe ana hadithi ya kusimulia wiki nzima, ana video, ana picha ameegemea ukuta jicho limelegea, na ile video inatumwa kwa watu mia. Aliyekunywa soda akaenda kulala hana stori. Nani atamposti mtu amelala?

Kwa hiyo wale 43 kila mmoja yuko kivyake anadhani ni yeye tu. Na wazazi wao nao vivyo hivyo, kila mmoja kwenye nyumba yake anadhani msimamo wake ni wa kizamani, maana mtoto anamwambia "mama wa fulani amemruhusu, baba wa fulani hana neno, ni wewe tu," na mzazi hana njia ya kujua kama ni kweli kwa sababu hajawahi kukaa chumba kimoja na mama wa fulani. Mara nyingi mama wa fulani naye anaambiwa hivyo hivyo kuhusu wewe. Watoto wana akili jamani, wameshajua kwamba wazazi hawaongei.

Ndo maana namtaka yule ambaye wake hanywi. Akija yeye na wenzie thelathini wa namna yake, kijana anayetazama anaona kumbe nyumba zenye msimamo ni nyingi. Wasipokuja, ukumbi unabaki na wenye matatizo peke yao, na picha inayotoka pale ni kwamba hili ni jambo la familia zilizoharibikiwa, na wale waliokuwa na tatizo dogo linaloanza wataona aibu kuja kwa sababu kuingia tu mlangoni ni kama umejitangaza.

Halafu kuna hili la pili ambalo kwangu ndo kubwa zaidi. Mtoto pombe anaitoa wapi?

Ukisikiliza mijadala utadhani kuna mtu mbaya mmoja mahali fulani anayewauzia watoto, na tukimkamata huyo kazi imeisha. Wapo wauzaji wa hivyo, sikatai, na wanatakiwa kushughulikiwa. Lakini Marekani ambako umri wa kununua ni miaka 21 na kitambulisho kinaulizwa, tafiti za kitaifa zinaonyesha miaka nenda rudi kwamba wengi wa wanaokunywa chini ya umri hawakuinunua wenyewe, wamepewa bure au wamenunuliwa na mtu mwingine: rafiki aliyewazidi umri, ndugu, au wamechukua nyumbani. Yaani njia kuu inapita kwa watu wazima ambao mtoto anawaita mjomba, shangazi, kaka, au baba wa rafiki yangu. Hawa hawakamatwi na polisi na wala wao hawajioni kama wauzaji, wanajiona wakarimu.

Chukua sherehe yoyote ya kifamilia. Watu wamekula, wameshiba, muziki uko juu, meza ya wakubwa imejaa chupa na glasi zilizoachwa nusu. Mjomba mmoja aliyechangamka anamwita kijana wa miaka 13, anamshika bega, "njoo hapa mwanaume, onja kidogo," kijana anaonja, anakunja uso, meza nzima inacheka, kuna mtu anapiga picha. Mama yake ameona ila hataki kuonekana anaharibu furaha ya watu, anatabasamu la upande mmoja. Nusu saa baadae wakubwa wamenyanyuka kucheza na hakuna anayeangalia meza, na wale madogo wawili watatu wanapita wakimalizia zile glasi moja baada ya nyingine. Hakuna mtu mbaya kwenye hiyo hadithi. Kuna watu wazima kumi na tano waliopendana, na kila mmoja alidhani mwenzie anaangalia.

Na hapo ndo unaona sheria ya nyumba moja ilivyo dhaifu. Wewe kwako umefunga kabati, hongera, lakini mtoto hakai kwako masaa 24, analala kwa rafiki, anaenda sherehe, anapewa lifti na kaka wa mtu. Usalama wake una urefu wa nyumba ile iliyolegea kuliko zote anazotembelea, na njia pekee ya kuifikia hiyo nyumba ni kukaa na wenyewe mkaongea, tena kabla hakijatokea kitu, maana kikishatokea hamtaongea, mtagombana.

Hapa lazima nimjibu mtu ambaye najua ameshaanza kuandika jibu lake, yule wa "bora anywe mbele yangu kuliko akanywee vichochoroni." Hii hoja naiheshimu kwa sababu inatoka kwa mzazi anayejaribu, sio mzembe. Nia yake ni kumfundisha mtoto kunywa kistaarabu, kidogo kidogo, chini ya macho yake. Tatizo ni kwamba imepimwa na haikuleta ilichoahidi. Kule Australia kuna watafiti waliwafuatilia vijana zaidi ya 1,900 kwa miaka sita, wakaangalia waliopewa pombe na wazazi na wasiopewa, matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Hawakukuta kwamba kupewa na mzazi kunamkinga mtoto. Walichokuta ni kwamba waliopewa nyumbani walikuwa kwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kunywa kupita kiasi na kupata madhara kuliko wasiopewa na mtu yeyote, na tena kupewa nyumbani hakukuwazuia kutafuta nje, bali kulienda pamoja na kupata nje vile vile. Ukifikiria kwa kichwa cha mtoto inaeleweka, yeye hakusikia "kunywa kistaarabu", alisikia "imeruhusiwa", na lile neno kidogo lilidondoka njiani.

Kwa nini tunahangaika na umri lakini, si atakunywa tu akikua? Kwa sababu mwili wa mtoto sio mwili wa mtu mzima uliopunguzwa saizi. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayokushika mkono kabla hujafanya upuuzi, inaendelea kukomaa mpaka mtu anakaribia miaka 25, wakati ile sehemu inayotafuta raha na kusifiwa na wenzio imeshawaka moto toka mapema. Hivyo hata akiwa hajanywa breki zake bado changa, sasa wewe unammwagia kitu ambacho kazi yake ya kwanza kabisa ni kulegeza breki. Uzito wake mdogo, hajui dalili za kuzidiwa, na kijana huwa hanywi kama mtu mzima anayekunywa moja akiongea, yeye anakunywa ili alewe, haraka, kwa sababu hajui lini ataipata tena na kuna wenzie wanahesabu.

Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1997 unanukuliwa sana kwenye hivi vikao, kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15, kama asilimia 40 walikuja kuwa tegemezi wa pombe kipindi fulani cha maisha yao, wakati kwa walioanza wakiwa na 20 au zaidi ilikuwa kama asilimia 10. Mimi nashauri mtoa mada akiitaja hii aitaje kwa uangalifu. Haimaanishi kwamba glasi ya kwanza ya miaka 14 ndo imefanya kila kitu, maana watoto wanaoanza mapema mara nyingi wana mambo mengine nyuma, nyumba yenye ulevi, kurithi, msiba, kuonewa, shule iliyowashinda, na hayo nayo yanachangia. Lakini hata hivyo pengo la 40 kwa 10 ni kubwa mno kulipuuza, na kitu chochote kinachosogeza ile glasi ya kwanza mbele mwaka mmoja miwili kinastahili jioni yako moja.

Sasa je, vikao vinasaidia au ni kupigishana domo tu? Swali zuri, na jibu langu ni kwamba inategemea kikao kinafanya nini.

Mfano ambao kila mtu anaujua kwenye uwanja huu ni Iceland. Mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi uliopita, ikawa wikendi Reykjavik katikati ya mji usiku ni vurugu za watoto waliolewa. Kufika 2016 ile asilimia 42 ilikuwa imebaki 5. Walifanya nini? Hawakuanza na mabango. Walianza kwa kuwauliza watoto wenyewe kwa dodoso mashuleni, kila mara wanarudia, na majibu yanarudishwa kwenye shule na mtaa husika, sio takwimu ya taifa inayoelea, ni "hawa hapa watoto wenu, hivi ndo wanavyosema." Wazazi wakiona hivyo hawana pa kukimbilia. Halafu wazazi walijiunga kwenye vyama vya shule na kusainishana makubaliano, mambo ya kawaida tu: hatutawanunulia pombe watoto, hatutaruhusu sherehe zisizo na mtu mzima anayesimamia, tutakuwa macho hata kwa watoto wa wenzetu. Saa za kurudi nyumbani zilikazwa, wa miaka 13 hadi 16 wasiwe nje baada ya saa nne usiku kipindi cha baridi na saa sita usiku kiangazi, na kuna wazazi waliokuwa wanatembea mitaani kwa zamu, hawabebi rungu, wanatembea tu na kusalimia. Serikali nayo ikatoa hela kwenye michezo, muziki, sanaa, ili mtoto awe na pa kwenda jioni, kwa sababu kumwambia kijana usifanye hiki bila kumpa cha kufanya ni kumwambia akae akihesabu dari.

Nisikuuzie Iceland kama dawa ya kila kitu. Ni kanchi kadogo kenye hela, na miaka hiyo hiyo unywaji wa vijana ulishuka kwenye nchi nyingine kadhaa za Ulaya ambazo hazikufanya hayo yote, kwa hiyo sio kila pointi ya ule mteremko ni kazi ya wazazi wa Iceland. Ila ninachokichukua pale ni umbo la kitu chenyewe: wazazi wanakutana, wanaangalia hali ya watoto wao halisi, wanakubaliana mambo matatu manne yanayoweza kufuatiliwa, wanakutana tena. Hakuna muujiza hapo, ni kikao kinachozaa kitu.

Linganisha na ule mtindo mwingine ambao ndo tumeuzoea. Marekani mwaka 1983 huko Los Angeles ulianzishwa mpango wa kupeleka polisi mashuleni kuwafundisha watoto kukataa dawa na pombe, unaitwa D.A.R.E., ukaenea nchi nzima, fulana, vyeti, kuapishwa, shamrashamra. Wazazi waliupenda, shule ziliupenda. Wataalamu walipokuja kupima, tafiti moja baada ya nyingine zikaonyesha kwamba ule mtaala wa awali haukubadilisha kitu cha maana kwenye tabia za watoto, mpaka baadae ikabidi wenyewe wabadilishe mtaala. Mhadhara wa kutisha una raha yake, mzungumzaji anajisikia amefanya kazi, wazazi wanajisikia watoto wameonywa, na mtoto aliyeonyeshwa picha ya ini lililooza anarudi nyumbani akijua kwamba mjomba amekunywa miaka 20 na ini lake analo, hivyo mnadanganya.

Kwa hiyo ukifika kwenye kikao ukakuta ni projekta na picha za ini kwa masaa mawili, usinyanyuke kuondoka. Nyoosha mkono. Uliza watoto wa hapa hapa wanasema wanaipata wapi, na kama hakuna aliyewauliza, nani atawauliza na lini. Uliza wauzaji wa eneo hili wamealikwa au tunawasema bila wao kuwepo. Uliza tukitoka hapa tumekubaliana nini, maana kikao kikiisha kwa "tuendelee kuelimisha jamii" ujue hakuna kitu kimekubaliwa, hiyo jamii inayotakiwa kuelimishwa ndo nyie mliokaa pale. Mwenyekiti anaweza akanuna kidogo, atazoea.

Kuna kundi lingine ambalo huwa linajitoa lenyewe, wanywaji. "Mimi nakunywa, nitaenda kusema nini pale, si nitaonekana mnafiki?" Hapana bana, njoo. Kikao hiki sio cha kuacha pombe, na waandaaji wakikigeuza kuwa hicho wanakosea, kwa sababu watakaobaki ni wasiokunywa peke yao wakiambizana uzuri wao. Anayekunywa anajua vitu ambavyo wengine hawavijui, anajua sherehe inafikia saa ngapi ndo usimamizi unapotea, anajua kaunta gani mtoto akitumwa anapewa chupa bila kuulizwa, anajua jinsi ilivyo vigumu kumwambia rafiki yako mbele ya watu asimpe mtoto. Na mtu mzima kunywa akiwa mtu mzima halafu akasema mtoto asinywe sio unafiki, mbona anaendesha gari na mtoto hampi usukani. Ila ajiangalie anavyokunywa mbele yao, hilo sitalificha, kwa sababu mtoto anayeona kila furaha na kila hasira ya nyumba inamalizwa na chupa, kipeperushi hakitamfundisha kitu kipya.

Na vijana wenyewe wawepo, tena waje kama wajumbe. Sio wale wanne wanaoletwa kusoma shairi mwanzoni wapigiwe makofi halafu watolewe nje wakubwa waongee. Wao ndo wanajua chupa inapita wapi, inaingiaje shuleni ndani ya chupa ya maji, nani anakusanya hela, kwa nini ijumaa fulani ndo mbaya. Watasema wakiona hawatachomwa. Mzazi akijibu kila sentensi ya kijana kwa "enzi zetu", kijana ananyamaza, na hapo mmepoteza mtaalamu pekee aliyekuwa ukumbini.

Sheria nayo ina nafasi yake, nisionekane naidharau. Marekani bunge lao lilipitisha mwaka 1984 sheria ya kuyapunguzia fedha za barabara majimbo yatakayokataa umri wa miaka 21, na kufika 1988 yote yalikuwa yameshakubali, na vifo vya barabarani vya vijana vilipungua. Lithuania mwaka 2018 waliupandisha kutoka 18 kwenda 20 na kufunga matangazo ya pombe. Vitu hivyo vinasaidia, lakini sheria inaishia mlangoni kwa watu, ndani kule kwenye meza ya mjomba hakuna askari, kuna nyie.

Kitu kingine ambacho kikao kizuri kinakupa na wengi hawakitegemei ni maarifa ya ule usiku mbaya. Tuseme limeshatokea, mtoto wa mtu amelewa, wenzie wana miaka 15 na wameingia hofu. Watafanya nini? Kwa wanavyojua wao watamnywesha kahawa, watammwagia maji ya baridi, watamtembeza, wakishindwa watamlaza chali "apunguze" na kufunga mlango ili wakubwa wasijue. Vyote vibaya. Ini linaondoa pombe kwa kasi yake, kwa mtu mzima ni kama kipimo kimoja cha kawaida kwa saa, na hakuna kahawa inayoliharakisha. Aliyelala chali akitapika anaweza kupaliwa na matapishi akafa akiwa amelala, na kiwango cha pombe kwenye damu kinaweza kuendelea kupanda hata baada ya kuacha kunywa kwa sababu ile iliyo tumboni bado inaingia. Anatakiwa alazwe ubavu, asiachwe peke yake, na akiwa haamki ukimwita na kumtikisa, anapumua kwa kusitasita au polepole sana, ngozi imekuwa ya baridi au imebadilika rangi, hapo ni kupiga simu ya dharura, sio kusubiri asubuhi. Muuguzi mmoja anaweza kuwaonyesha hili kwa dakika kumi, mtu analala chini pale mbele anageuzwa ubavu, goti limekunjwa, kichwa kimeinamishwa nyuma kidogo njia ya hewa ibaki wazi, na watoto mia moja wanaondoka wanajua.

Lakini watapiga simu kama wanaogopa adhabu kuliko wanavyoogopa kifo cha mwenzao? Hawatapiga. Ndo maana moja ya makubaliano ninayoyapigia debe popote ninapopata nafasi ni hili la simu bila maswali: mtoto yeyote kati ya watoto wetu akikwama usiku, amelewa yeye au dereva wake amelewa, ampigie mzazi yeyote aliyesaini, atafuatwa, atarudishwa salama, na maswali yatakuja kesho yake mchana watu wakiwa wametulia. Kuna wazazi wanaona hii ni kuwalea walevi. Mimi naona ni kuchagua kati ya mtoto aliyekosea akiwa hai na mtoto aliyekosea akiwa ndani ya gari la mlevi, na adhabu bado ipo, imesogezwa tu masaa kumi na mbili. Ila makubaliano haya huwezi kuyafanya peke yako sebuleni kwako, yanahitaji wazazi wengi, namba za simu za kweli, na watoto kuwaona hao wazazi kwa sura ili usiku ule wasione aibu kupiga.

Muda najua hauna. Hakuna mwenye muda, na waandaaji wakiweka kikao saa tisa alasiri siku ya kazi wanajitafutia ukumbi mtupu, waambieni mapema. Kama nyumbani mko wawili na mmoja lazima abaki na wadogo, gawaneni, na sio lazima aende mama, sijui nani alipanga kwamba vikao vya watoto ni vya kina mama. Babu na bibi wanaolea wajukuu waende. Dada wa kazi anayeshinda na watoto kuliko wewe, mpe ruhusa aende na umlipe ule muda. Yule mwenye duka na yule mwenye baa waandikiwe mwaliko wa jina lao, wasiitwe kwa tangazo la jumla, mtu akiitwa kwa jina anakuja tofauti.

Na ukishaingia usikae na uliokuja nao. Tafuta wazazi wa wale watoto watano ambao mwanao anawataja kila siku, uchukue namba zao, uwaulize kwao sherehe zinakuwaje na pombe inakaa wapi, nawe uwaambie za kwako. Ukichelewa ingia tu hivyo hivyo, hata kama wameshamaliza hotuba zote, sehemu ya makubaliano huwa iko mwishoni na ndo inayohitaji watu wengi, kwa sababu baada ya miezi mitatu mtaitwa tena kuulizwa nani alifanya nini.